Nusu ya Hema

Mama Mikanda alikuwa na sharti moja tu katika kazi yake, na sharti hilo ndilo lililomvunjia nyumba.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, katika jengo la ghorofa tatu ambalo rangi yake ya mwisho ilipakwa sijui na babu wa nani. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, mizani ya jikoni, na mikanda. Mikanda ya kila rangi na kila upana, imening'inia kwenye misumari kutoka mlangoni mpaka dirishani, hata mgeni akiingia ilibidi aisogeze kwa mikono ndipo amwone mwenyewe. Jina lake lilitoka hapo. Alishona na kurekebisha mabegi ya mgongoni, hasa ya watembeaji, wale watu wanaoacha usafiri wa maana wakaamua kwenda milimani kwa miguu wiki nzima, halafu wakirudi wanatuonyesha malengelenge yao kana kwamba sisi ndio tuliwatuma.

Sharti lenyewe lilikuwa hili: hakukubali mtu achague begi likiwa tupu.

"Begi tupu hata paka linamkaa," alikuwa akisema. "Nenda nyumbani, uje na mzigo wako. Si mawe, si magazeti. Kila kitu utakachobeba, mpaka mswaki."

Wengine walinuna, lakini walirudi na mizigo yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga: vizito katikati, karibu na uti wa mgongo, vyepesi chini na juu. Alipima mgongo kutoka kwenye mfupa wa shingo mpaka juu ya nyonga, akakaza mkanda wa kiuno kwanza, kisha wa mabega, kisha wa kifua, halafu akaonyesha ngazi kwa kidole. "Panda." Mteja akapanda mpaka juu kabisa, akagusa mlango wa daktari wa meno, akashuka. Akifika chini, Mama Mikanda alimuuliza neno moja: "Panakuuma wapi?" Akionyeshwa, alilegeza hapa, akakaza pale, wakati mwingine akafumua mshono mzima, na kumpandisha tena. Hakuna aliyetoka pale akiwa na jibu lolote isipokuwa "hapaumi popote".

Daktari wa meno alikuwa mtu mwembamba, mnung'unikaji wa kuzaliwa. Mara kwa mara ulimsikia akipaza sauti kutoka juu: "Mama Mikanda! Wagonjwa wangu wanadhani jengo linahamishwa!"

"Waambie watulie, daktari! Kazi yao ni kufungua mdomo tu!"

Wamepigiana kelele hivyo miaka na miaka, tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi, na hakuna aliyewahi kukasirika kweli.

Sasa, mume wake alimpata hapo hapo, kwenye ngazi hizo. Alikuja kijana mmoja msoma mita za maji, mrefu, miguu ya chuma, kazi yake kuzunguka mitaa yote akiinama kwenye vifuniko vya mita. Alitaka begi la kupandia milima. Mama Mikanda, wakati huo bado binti, akampanga, akamkaza, akamwambia panda. Alipotelemka akaulizwa panauma wapi. Kijana akaweka kidole kifuani, upande wa kushoto. Binti wa watu, na akili zake zote za mikanda, akalegeza mkanda wa kifua. Akampandisha tena. Akashuka, kidole pale pale. Akalegeza tena. Mara ya tatu daktari wa meno akatoka na koleo mkononi, akachungulia chini, akasema, "We binti, huyu haumwi na begi! Oaneni muache kunisumbua!" Ngazi nzima ilicheka, hata mgonjwa aliyekuwa na shavu limevimba.

Wakaoana. Na fungate lao, watu hao wawili, badala ya kwenda kukaa mahali wakala wakalala kama wenzao, walichukua hema dogo la kijani wakaifuata njia ndefu ya milimani, ile inayoanzia mwisho wa mji, ikapanda, ikafuata mgongo wa milima mpaka kushuka ziwani. Mzigo waligawana: yeye mume akabeba fito za hema na jiko, mke akabeba kitambaa cha hema na dawa ya meno na vyakula. "Wewe bila mimi unanyeshewa," mke alimtania, "na mimi bila wewe nina shuka tu." Siku ya tatu cheche ya jiko ikatoboa hema. Hakukuwa na kitambaa cha akiba, basi akakata mfuko wa gauni lake, wa maua ya njano, akaushona pale pale kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo. Kiraka kikakaa upande, juu ya mlango, mshono umejikunja kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Ziwani hawakufika. Asubuhi iliyofuata mke aliamka anatapika, akatapika na kesho yake, wakaelewa wote wawili ni nini, wakacheka, wakarudi. Huko huko njiani mume akala kiapo. Akasema mtoto wao wa mwisho akishaondoka nyumbani, siku hiyo hiyo wanashika mabegi, wanamalizia njia mpaka kwenye maji. Hema likapanda juu ya kabati. Wakaja watoto, ada, homa, mapaa yanayovuja, na hema likakaa juu ya kabati miaka yote hiyo. Kila alipofagia chumba Mama Mikanda alilipangusa vumbi, nalo lilikuwa jambo lake la siri la kumfurahisha.

Basi. Mwaka huo kitindamimba wao alipata kazi mji mwingine, akabeba godoro lake akaenda. Nyumba ikabaki na watu wawili, sufuria moja, na redio.

Hapo katikati mume alikuwa amenunua miwani. Macho yalikuwa yamechoka kusoma namba za mita, alisema, na miwani ikamkaa vizuri, ikampa sura ya mwalimu mkuu. Akaanza kunyoa kila asubuhi. Akaanza kupiga mluzi. Naona wewe msomaji umeshaanza kukunja uso. Kunja tu. Yeye hakukunja, kwa sababu kichwani mwake alikuwa na sababu nzuri ya mluzi huo, na sababu ilikuwa juu ya kabati.

Jioni moja mume akasafisha koo. "Mama watoto, nimefikiria ile njia ya milimani. Likizo yangu inaanza karibuni. Nataka begi. Jepesi kabisa, magoti haya si yale."

Moyo wa mwanamke ulipiga mpaka akaogopa utasikika. Alitaka kumuuliza, mimi je? Akajizuia. Aliijua tabia ya mume wake ya kupenda kushtukiza watu, akaona akiuliza atamharibia. Akasema tu, "Kesho pita karakana."

Jamani, wiki zilizofuata! Alikuwa anapita pale kila akimaliza mitaa yake, na walikuwa wanachagua begi kama watu wanaochagua jina la mtoto. Kwanza alikuja na moja la dukani, lina fremu ya chuma, mifuko kumi na mbili na filimbi. Mama Mikanda akaliweka kwenye mizani, akacheka.

"Hili limeshiba kabla hujalilisha. Mifuko hii yote ya nini?"

"Si ya kuwekea vitu?"

"Ukiwa na mifuko mingi utaijaza yote. Toa."

Mama Mikanda akamletea la pili, la nailoni nyembamba kama karatasi, halina hata mkanda wa kiuno. Mume akalipenda kwa wepesi wake. Akampandisha ngazi, akashuka amekunja uso. "Mabega," akasema. "Ndiyo," akajibiwa, "jepesi mezani, zito mgongoni. Mzigo unatakiwa ukae kiunoni." Mwisho Mama Mikanda akakata shauri: atamshonea mwenyewe. Kitambaa cha kijivu cha parachuti, fremu hakuna, mkeka wake wa kulalia utakunjwa ndani ya mgongo wa begi ulishike wima, mkanda wa kiuno mpana wenye sifongo, mfuko mmoja wa mbele. Kifuniko akakiondoa. Ncha za mikanda zinazoning'inia akazikata. Mume naye akapagawa na wazimu wa uzito. Alipima soksi. Alipima kijiko. Siku moja alikuja amekata mpini wa mswaki kwa msumeno, kwa mshazari, akauonyesha kwa fahari kama mtoto.

"Hata huo?" Mama Mikanda alicheka mpaka machozi. "Mwisho utakata vidole vya miguu."

Walikuwa hawajacheka hivyo pamoja tangu sijui lini. Alikuwa na furaha, hilo mtu asije akalikana baadaye. Furaha ya kweli ilikuwepo chumbani mle.

Siku ya kujaribu, mume akaleta mzigo wake, maana sharti ni sharti hata kwa mwenye nyumba. Mama Mikanda akaumwaga mezani aupange. Mfuko wa kulalia. Jiko dogo. Sufuria. Mswaki uliokatwa. Na fito za hema, zimefungwa kwa kamba ile ile ya zamani.

Akatafuta kitambaa cha hema. Hakipo. Akatafuta dawa ya meno. Haipo.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye akainamia mkanda ili uso wake usionekane, kwa sababu alikuwa ameelewa. Fito kwake, kitambaa kwangu! Jiko kwake, dawa ya meno kwangu! Amegawa vile vile kama zamani, amekumbuka, na nusu yangu ameificha mahali anipe siku ya safari. Ndivyo alivyoelewa. Nani mwingine angeona pengo katika mzigo wa mume wake akaona ndiyo mahali pake mwenyewe? Ni mpanga mizigo tu. Jioni alipofika nyumbani alitazama juu ya kabati, akakuta pamebaki alama ya vumbi tu, na alifurahi zaidi.

Tangu siku ile alianza begi la pili. Kitambaa kile kile cha kijivu, mshono ule ule, kwa kipimo cha mgongo wake mwenyewe, uliopimwa kwa shida mbele ya kioo. Alilishona mume akiwa kazini na kulificha chini ya gunia la vipande. Akaacha nafasi katikati, karibu na uti wa mgongo, ukubwa wa kitambaa cha hema kilichokunjwa.

Begi la mume lilibaki karakana kukamilishwa mshono wa kiuno, na mzigo wake ukiwa ndani. Akamwambia aje kulichukua siku fulani alasiri.

Siku hiyo, kabla ya alasiri, mikanda ya mlangoni ikasogezwa, akaingia mwanamke asiyemjua. Wa makamo, mdogo kwake kidogo, sauti ya upole, buti mpya miguuni, na begi la dukani limemvuta bega moja chini. Ubaya wa mambo ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Angekuwa na maringo tungepumua.

"Fundi, nimeelekezwa kwako. Wamenionya nije na kila kitu mpaka mswaki."

"Waliokuonya wamekupenda. Kaa. Unafanya kazi gani? Mgongo nauona umezoea kuinama."

"Nauza miwani. Kutwa nimeinama nawatazama watu machoni."

"Mume wangu naye amevaa miwani juzijuzi tu," alisema Mama Mikanda akitafuta futi yake. "Sasa ananiona nimezeeka."

Wakacheka wote wawili. Mwanamke akaeleza: anakwenda ile njia ya milimani, mpaka ziwani. Begi hili alilinunua, linamuua mabega, mwenzake amemwonea huruma lakini hajui kwamba amekuja kwa fundi. "Nataka nimshtukize. Anivute begi aone limenikaa."

"Mwenzako ndiye mume?"

"Bado." Akaona haya, mtu mzima yule. "Tukishuka ziwani, ndivyo tulivyopanga."

"Hongera," akasema Mama Mikanda, na aliisema kwa moyo mmoja, maana alikuwa mtu mwenye safari yake mwenyewe. Akaanza kuutoa mzigo. Mfuko wa kulalia. Sweta. Vyakula vilivyokaushwa. Dawa ya meno.

"Tunabeba hiyo moja tu kwa wote wawili," yule mwanamke alisema akicheka. "Ana wazimu wa uzito huyo mtu! Tazama alivyonifanyia."

Akatoa mswaki. Mpini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, kwa mshazari.

Mikono ya Mama Mikanda ikapunguza mwendo. Akajiambia watembeaji wote ndivyo walivyo, wote wanakata miswaki. Akauweka mezani taratibu. Kisha akatia mkono chini kabisa ya begi, akagusa kitu ambacho vidole vyake vilikijua kabla ya macho. Akakivuta. Kikatoka kijani, kimefifia kwenye mikunjo, na upande, juu ya mlango, kiraka cha maua ya njano chenye mshono uliojikunja.

Alikipapasa. Yule mwanamke akadhani anakikagua.

"Hicho naomba usikibandue, fundi. Najua si kizuri. Kilishonwa na marehemu mkewe."

"Marehemu."

"Alifariki. Ghafla tu, moyo." Akashusha sauti kama watu wanavyofanya. "Ndiyo sababu nilimpenda, nikwambie kweli. Mwanamume anayemsema mkewe vile! Anasema hajawahi kuona mikono kama ile. Anasema alikuwa akicheka, nyumba nzima inapata joto. Waliapa kuimaliza njia hii pamoja, mauti yakamwahi. Aliponisimulia alilia, nami nikalia."

Mama Mikanda alisimama pale ameshika mfuko wa gauni lake. Miaka mingapi alikuwa akisubiri mtu huyu amwambie kwamba mikono yake ni mizuri! Alikuwa akiambiwa chakula kimepoa, shati halijapigwa pasi, mama watoto redio hiyo punguza. Kumbe sifa zake zilikuwepo. Zilikuwa zinapelekwa kwenye duka la miwani, na ili azipate ilibidi kwanza afe.

"Pole," akasema. Ndilo neno lililotoka.

Wewe na mimi tungechukua mkasi. Ningekuwa mimi, begi lile lingetoka vipande vipande, na mengine nisingeyaandika. Yeye alifanya kile mikono yake ilichokuwa ikifanya miaka yote. Alichukua begi jepesi lililokuwa tayari ukutani, akapanga vizito katikati, akakunja kitambaa cha hema akakiweka karibu na uti wa mgongo wa mwanamke yule. Akakaza kiuno. Akakaza mabega. Akafunga mkanda wa kifua, na vidole vikigusa vifungio vilikuwa baridi kama siku ile ya kiraka.

"Panda," akasema.

Buti zikaanza kupanda. Zilikuwa bado kwenye ghorofa ya kwanza mikanda iliposogezwa tena mlangoni, akaingia mume anapiga mluzi.

"Mama watoto, tayari?"

Akamwonyesha msumari. Mume akalishusha begi lake, akalitundika bega moja, akalisifia wepesi wake. Juu huko buti zilifika ghorofa ya pili.

Mama Mikanda akampa nafasi. Ieleweke kwamba alimpa nafasi. "Baba watoto," akasema polepole, "kitambaa cha hema kiko wapi?"

Hata jicho halikupepesa nyuma ya ile miwani. "Nimempa fundi mmoja akipake nta. Kilikuwa kinavuja."

"Fundi gani?"

"Humjui."

"Na mimi?" Sasa aliuliza, lile swali alilolificha tangu jioni ile. "Tuliapa mimi na wewe. Mimi naenda na nani?"

Mume akatazama saa yake. "Tutaongea, mama watoto. Wewe na mapigo yako ya moyo, milima ile utaiweza?"

"Moyo wangu una nini?"

Buti zilikuwa zinashuka, haraka haraka, za mtu asiyeumwa popote, na sauti ikatangulia: "Fundi! Nahisi kama sijabeba kitu!" Yule mwanamke akaingia anahema, uso unang'aa, akamwona aliyesimama katikati ya mikanda. Akajifunika mdomo.

"Ah! Umeniharibia! Nilitaka nikushtukize!" Akacheka, akamgeukia mwenye karakana amshirikishe furaha yake. "Fundi, ndiye huyu niliyekuwa nakusimulia."

"Namjua," alisema Mama Mikanda. "Mimi ndiye marehemu."

Huko juu, kwenye ofisi ya bima ya ghorofa ya pili, simu ililia, ikalia, ikanyamaza. Yule mwanamke alimtazama mume kama anayesubiri aambiwe ni mzaha. Mume akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Akaifuta upande mmoja, akaifuta wa pili, akarudi wa kwanza, na katika kufuta kule yule mwanamke alipata jibu lake.

Alifungua mkanda wa kifua. Akafungua wa kiuno. Akalishusha begi mezani taratibu, bila kulitupa, akasimama mbele ya Mama Mikanda.

"Nilikuwa nakuombea," akasema. "Kila nikiomba nilikutaja. Nilikuombea upumzike."

Mama Mikanda akaitikia kwa kichwa tu kumwonyesha kwamba amesikia. Hakuwa na ugomvi naye. Yule mwanamke akaisogeza mikanda akatoka, ameacha kila kitu chake pale, mpaka mswaki.

"Mama watoto," mume akaanza, "acha nikueleze—"

"Nifufue kwanza. Ukishanifufua nitakusikiliza."

Mkono mmoja wa mume ulikuwa kwenye mkanda wa begi. Alimtazama mkewe, akatazama mlangoni, ambako mikanda ilikuwa bado inayumba. Kwa kweli hapo ndipo ndoa ile ilipoamuliwa, na wote wawili walijua. Mama Mikanda hakumwambia kaa. Alimwita kwa macho tu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwa miaka yote ile na watoto wote wale, akisema moyoni, nitazame, mimi hapa, mzima.

"Hayuko sawa yule," mume akasema. "Atagongwa na gari. Nakwenda kumwangalia mara moja, narudi."

Akatoka na begi lake begani, fito za hema ndani.

Alimsubiri. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akakusanya vitu vya yule mwanamke, akavikunja vizuri, akaviweka kwenye mfuko ili akija avikute. Kitambaa cha hema alikiacha mezani. Alasiri ikasogea. Watu wa bima wakafunga, wakapita wakimuaga. Kila mikanda ikitikisika aliinua kichwa, na ilikuwa upepo. Kuna saa mtu anajua kwamba hasubiri tena, ameketi tu. Ilipofika saa hiyo aliinuka.

Akavuta gunia la vipande. Chini yake lilikuwepo begi la kijivu, jipya, la kipimo chake, halijawahi kubebwa. Akalitazama kitambo. Kisha akafanya ambavyo angemfanyia mteja yeyote, kwa sababu hakujua kufanya kingine. Akatia blanketi la karakana. Akatia chupa ya maji. Akakunja kitambaa cha hema, kiraka kwa ndani, akakiweka katikati, kwenye ile nafasi aliyoiacha. Kikaingia sawasawa. Akalivaa, akakaza kiuno, akakaza mabega, akafunga kifua, akaanza kupanda.

Alikuwa amewapandisha watu ngazi zile maisha yake yote, na yeye hajawahi kuzipanda na mzigo. Ghorofa ya kwanza akapumzika. Ya pili machozi yakaanza, akayaacha. Alipofika juu aliugusa mlango wa daktari wa meno kama sharti linavyotaka, na mlango ukafunguka, daktari akiwa ameshavua koti la kazi, tayari kufoka.

"Mama Mikanda! Hata saa hizi? Nimekwambia mara ngapi—"

Akamwona. Akaona begi, akaona uso. Mzee yule mnung'unikaji aliishusha sauti yake mpaka chini kabisa, ile aliyowawekea watoto na wagonjwa waliokesha na maumivu, akauliza alivyozoea kuuliza:

"Panakuuma wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Yeye ndiye muulizaji. Akapitisha mkono kwenye mikanda, bega moja, bega la pili, kiuno, kifua, akitafuta kwa uaminifu mahali palipokaza, na hapakuwepo.

"Begi liko sawa, daktari," akasema. "Limenikaa vizuri mno."

Akaketi kwenye ngazi, na mikanda yote ingali imefungwa, akalia.